Kanisa la zege na sanaa yake: namna ya kukagua na kutunza parokia iliyojengwa miaka ya 1950 na 1960

Kanisa la parokia la St Mary's, Leyland, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, lilijengwa kati ya 1962 na 1964 kwa michoro ya Jerzy Faczynski, msanifu mwenye asili ya Poland. Ni la duara. Altare iko katikati na waamini wameizunguka. Ukuta wa nje umezungushiwa vioo vinene vya rangi vya Patrick Reyntiens. Vituo vya Njia ya Msalaba, kazi ya Arthur Dooley wa Liverpool, vimekaa kwenye panda za nguzo za zege zenye umbo la Y. Juu ya mlango mkuu kuna Hukumu ya Mwisho ya Adam Kossowski, iliyofinyangwa kwa udongo na kuchomwa tanuruni. Mpoland huyu alipitia kambi za kazi ngumu za Kisovieti kabla ya kufika Uingereza.

Ukilitazama kanisa la namna hii, hutajua sanaa inaanzia wapi na jengo linaishia wapi. Kioo ndicho ukuta, na nguzo ndiyo inayobeba kituo. Kwa hiyo maji yakipenya paani hayaishii kuchafua dari. Yanaifuata sanaa ndani ya mwili wake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia juu ya paa, na hata sehemu za zege na mifereji zisomwe kama sehemu za utunzaji wa sanaa.

Umeandikwa kwa ajili ya paroko, halmashauri ya parokia na fundi wao. Mapadre wengi wa Afrika Mashariki sasa wanahudumu Ulaya katika makanisa ya kizazi hiki, na nyumbani nako yapo: Kanisa Kuu la Familia Takatifu, Nairobi, lililosanifiwa na Dorothy Hughes na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni la zege na vioo vya rangi. Zege ni lilelile. Kinachotofautiana ni adui: kule ni barafu, huku ni jua kali na mvua ya ghafla.

Kabla ya kugusa chochote

Tafuta michoro ya awali. Mara nyingi iko sehemu tatu: ofisi ya jimbo, kabati la sakristia, au kumbukumbu za kampuni iliyosanifu. Unachotaka humo ni mambo manne: nondo zimelala wapi, mabomba ya maji ya mvua yanapita wapi, vioo vilitengenezwa na karakana gani, na paa limebebwa na nini. Hilo la mwisho lina uzito wake. Miaka ile baadhi ya mihimili ilimwagwa kwa saruji ya alumina, inayokauka haraka lakini ikapoteza nguvu kwa miaka inapokaa kwenye joto na unyevu. Mwaka 1974, huko Stepney, London, paa la bwawa la kuogelea la shule liliporomoka kwa sababu hiyo. Mchoro ukionyesha saruji ya aina hiyo, simama, mwite mhandisi wa miundo kwanza.

Jambo la pili ni asbesto. Mbao za dari, kanda za mabomba ya moto na vifuniko vya boila vya enzi hizo huwa nayo mara nyingi, na vumbi la nyuzi zake ni hatari kwa mapafu. Usitoboe, usikate, usipige msasa mpaka kipande kimepimwa maabara.

Vifaa vya ukaguzi wa kawaida si vya gharama: darubini ya 8x42, tochi kali, nyundo ndogo ya gramu 200, kadi ya kupimia upana wa nyufa, kipima unyevu, kamera, uzi wa fundi, na chupa ya fenolftaleini (dawa inayobadilika rangi, ya kupimia zege) ya asilimia 1 iliyochanganywa na spiriti. Kaguaneni wawili wawili. Mmoja aangalie, mwingine aandike.

Paa

Wasanifu wa kizazi hiki walipenda paa bapa, paa la kukunjwa na paa lenye umbo huru. La kanisa la hija la Ronchamp, Ufaransa, lililokamilika 1955, ni maganda mawili ya zege, kila moja likiwa na unene wa sentimita 6 tu, na maji yake yote hutokea kwenye mdomo mmoja upande wa magharibi. Picha yake ni nzuri, lakini ina maana moja kwa mtunzaji: mdomo ukiziba, hakuna njia nyingine.

Panda mara mbili kwa mwaka. Ulaya ni Novemba majani yakishapukutika, na tena Machi au Aprili. Afrika Mashariki ni wiki mbili kabla ya masika na wiki mbili kabla ya vuli. Toa uchafu kwa mkono au kijiko cha plastiki. Koleo la chuma hutoboa utando wa lami. Mwaga ndoo ya lita 20 kwenye kila tundu la maji na uhesabu sekunde. Tundu ambalo mwaka jana lilimeza ndoo kwa sekunde 15 na leo linachukua 40 limeanza kuziba huko chini usikoona. Angalia pia mikunjo ya utando mahali paa linapokutana na ukuta: unatakiwa upande angalau sentimita 15 juu ya uso wa paa. Mafundi wanaoongeza tabaka jipya juu ya la zamani huupunguza urefu huo bila kujua, kisha dimbwi la mvua kubwa linavuka na kuingia ukutani.

Mabomba yaliyofichwa ndani ya nguzo ndiyo mabaya kuliko yote. Yakivuja, nguzo inalowana kwa ndani, na dalili ya kwanza ni madoa meupe ya chumvi au kutu kwenye zege karibu na sakafu. Ingiza kamera ya mabomba kila baada ya miaka mitano. Bomba likiwa limeoza, weka mrija wa ndani badala ya kuvunja nguzo.

Zege

Nondo ndani ya zege zuri haziotwi na kutu kwa sababu saruji ni chungu sana kikemia, yaani ina alkali kama magadi, na pH yake hufika 12 au 13. Hewa ya ukaa huingia polepole kutoka nje na kuupunguza uchungu huo. Ukishuka chini ya 9 na unyevu ukiwepo, kinga ya nondo imekwisha. Kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, ndipo zege linasukumwa na kubanduka. Miaka ya 1950 na 1960 zege lililofunika nondo lilikuwa jembamba, mara nyingi milimita 10 hadi 25, hasa kwenye nguzo nyembamba na fremu za madirisha ambako msanifu alitaka wepesi.

Gonga kwa nyundo ndogo kwa mistari ya sentimita 20 kwa 20. Zege zima hulia kwa sauti kali na fupi. Lililoachana na nondo hulia kama mtungi mtupu. Zungushia chaki. Kisha, mahali ambapo kipande kimekwisha kubanduka chenyewe, pasulia uso mpya na udondoshee fenolftaleini. Penye rangi ya waridi kinga ingalipo; pasipobadilika rangi imeondoka. Pima kina cha sehemu isiyobadilika kwa rula. Kama kina ni milimita 12 na nondo ziko milimita 25, una miaka mingi ya kupanga. Kama kina kimezifikia nondo, tatizo halitaishia kwenye kile kipande kimoja. Usifanye jaribio hili kwenye uso wenye sanaa wala kwenye uso unaoonekana.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inafaa kila mahali, ila humu iwekewe sharti: jua kwanza kilichopasua. Ufa wa chini ya milimita 0.3 usiotembea hauhitaji kitu zaidi ya kuandikwa. Ufa unaopanuka na kujifunga joto linapobadilika ni kiungo ambacho jengo limejitengenezea lenyewe; ukiujaza saruji, jengo litapasuka pembeni yake, na pembeni yake huenda ndiko kioo kiliko. Gundisha vipimio pande zote mbili za ufa, pima kila mwezi kwa mwaka mzima, andika na joto la siku hiyo. Baada ya hapo ndipo uamue.

Kiraka kikihitajika, chimba mpaka milimita 20 nyuma ya nondo, safisha chuma hadi king'ae, paka kinga, kisha jaza. Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kuishia mbele ya nondo: kutu inaendelea nyuma yake na kiraka kinadondoka ndani ya miaka michache. La pili ni rangi. Saruji ya dukani haifanani na zege la miaka 60. Tengeneza sampuli tatu zenye mchanga na kokoto tofauti kwenye ubao, ziache siku 28, zitazame zikiwa kavu na zikiwa mvua. Kama ukuta una alama za mbao za kumwagia zege, mbao hizo lazima zirudi kwenye kiraka, upana uleule na nyuzi zikielekea kulekule. Na usipake rangi ukuta mzima ili kuficha viraka. Wasanifu hawa waliuchagua uso wa zege kama mchongaji anavyochagua jiwe.

Vioo vinene

Hapa ndipo parokia nyingi hupoteza fedha na sanaa pamoja, kwa kutojua kwamba vioo hivi si vile vya makanisa ya kale vilivyounganishwa kwa madini ya risasi. Mbinu ilianza Paris mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaenea baada ya vita kwa kuwa iliendana na zege. Bamba la kioo la kumimina, takriban sentimita 20 kwa 30 na unene wa milimita 25, hupasuliwa kwa nyundo yenye makali magumu juu ya patasi iliyosimamishwa. Kingo hupasuliwa tena vidogo vidogo upande wa ndani ili mwanga uvunjike na kumeta. Vipande hupangwa juu ya mchoro, fremu ikawekwa, kisha ikamiminwa saruji na mchanga yenye nondo nyembamba. Katika miaka ya 1960 warsha nyingi zilihamia kwenye resini ya epoksi, aina ya gundi ngumu ya plastiki. Mita moja ya mraba ina uzito wa kama kilo 60, kwa hiyo usifikirie kushusha hata paneli ndogo bila jukwaa na watu wa kutosha.

Mfano wa kwanza mkubwa kwa parokia ya wafanyakazi ni Sacré-Cœur, Audincourt, mashariki mwa Ufaransa, iliyowekwa wakfu 1951. Msanifu ni Maurice Novarina. Fernand Léger alichora madirisha 17 yenye vyombo vya Mateso, na Jean Barillet akayatengeneza. Uingereza, mtawa Charles Norris wa abasia ya Buckfast alivitengeneza kwa ajili ya makanisa mengi ya parokia, likiwemo Our Lady of Fatima la Harlow.

Tambua kwanza una saruji au resini. Saruji huwa imejaa sawa na uso wa kioo au karibu, ya kijivu, na kutu yake huonyesha njia ya nondo. Resini huwa nyembamba kuliko kioo, hivyo kioo kinatokeza, na juu yake kuna punje za mchanga zilizonyunyizwa ikiwa bado mbichi.

Jaribio bora ni la bure. Saa sita mchana, siku ya jua, zima taa zote, simama ndani na utazame ukingo wa kila kipande. Ukiona uzi mweupe wa mwanga kati ya kioo cha rangi na kilichokishika, vimeachana. Kwenye resini hili ni la kutarajiwa: hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko kioo, na kila siku ya jua inauvuta mshikamano huo. Jua pia huigeuza njano na kuifanya iwe ya unga upande wa nje. Kwenye saruji chanzo ni kusinyaa wakati wa kukauka, kisha kutu ya nondo. Jaribio la pili ni maji: mpira wa bustani usio na kasi, anzia chini kupanda juu, dakika 10 kila paneli, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatashuka na hutajua yameingilia wapi. Mashine ya kuosha magari isikaribie.

Ufa ndani ya kioo chenyewe, hasa kwenye pembe iliyoingia ndani, mara nyingi ulikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa nguvu zote hukusanyika hapo. Usikitoe kioo kwa sababu ya ufa usiopitisha maji. Cha kutisha ni paneli za chini kuvimba. Katika majengo mengine paneli zilipangwa moja juu ya nyingine kama matofali, za chini zikibeba zote. Nyosha uzi kutoka juu hadi chini, pima umbali wake na uso wa kioo mahali palepale kila mwaka. Namba zikikua, mhandisi aje.

Kazi ambayo fundi mzuri wa parokia anaweza kuifanya ni kiungo kati ya paneli na fremu. Toa saruji ngumu iliyowekwa na mafundi waliotangulia. Ndiyo inayoinyima paneli nafasi ya kutanuka. Weka kamba ya povu nyuma, kisha silikoni laini isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayoshambulia saruji na chuma. Kiungo cha milimita 10 upana kiwe na kina cha 5 hadi 6, na silikoni ishike pande mbili tu, isishike nyuma, la sivyo itachanika.

Kuziba zile nyuzi nyeupe ndani ya paneli ni kazi ya mhifadhi wa vioo. Mwambie ajaribu paneli moja, ipite mwaka mzima wa jua na baridi, ndipo mjadili zilizobaki. Kupaka vanishi au silikoni juu ya dirisha lote kwa mkupuo ni kosa linalofanywa kwa nia njema na lisilorudi nyuma.

Plastiki ngavu inayofungwa nje kuzuia mawe hutega joto na unyevu, na baada ya miaka inageuka ukungu, kazi ya msanii isionekane tena. Kama kinga haiepukiki, iache nafasi ya sentimita 5 au zaidi, wazi juu na chini, na wavu wa kuzuia ndege. Kuosha ni kwa brashi laini kavu kwanza, halafu maji safi yenye matone machache ya sabuni isiyo na asidi wala magadi, kisha suuza. Dawa za kuondoa saruji kwenye matofali hula saruji ya dirisha, na zenye floridi hula kioo.

Udongo wa kuchoma, mozaiki na shaba

Kazi kama ya Kossowski huundwa kwa vipande vingi vilivyopachikwa kwenye saruji, na vikubwa hushikwa na chuma. Gonga kwa kifundo cha kidole, si kwa nyundo. Sauti ya utupu juu ya mlango ni jambo la siku ileile: zungushia kamba, watu wapitie mlango mwingine. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye gilasi, yaani tabaka la kioo linalofunika udongo wa kuchoma, hazina madhara ndani ya jengo. Nje, maji huingia humo, na penye barafu hubandua gilasi. Mozaiki, kama ile ya Jean Bazaine kwenye uso wa kanisa la Audincourt, hukaguliwa vilevile, na ujazo wake usirudiwe kwa saruji ngumu kuliko ya zamani.

Bronzi haing'arishwi. Rangi yake ya giza ni ya msanii. Vumbi kwa brashi laini, na mara moja kwa mwaka nta ngumu ya wahifadhi, nyembamba, ifutwe kwa kitambaa cha pamba. Nguo za kufumwa za ukutani: mwanga usizidi luksi 50 (kipimo cha mwanga), na kivuta vumbi cha nguvu ndogo kupitia wavu.

Kuhusu joto, penye baridi msiliwashe kanisa kwa nguvu Jumapili saa moja kabla ya Misa. Pandisheni taratibu, digrii 2 kwa saa hivi, kwani joto la ghafla ndilo linaloachanisha vitu vyenye asili tofauti.

Ruhusa

Kanuni 1292 ya Sheria za Kanisa inataka ruhusa ya Kiti cha Kitume kabla ya kuuza au kutoa mali yenye thamani ya sanaa au historia, na kanuni 1283 inataka orodha kamili ya mali hizo. Hayo ni kwa Leyland na kwa Nairobi sawasawa. Uingereza kuna kamati za makanisa ya kihistoria, za jimbo moja au za majimbo kadhaa pamoja, ambazo lazima ziidhinishe mabadiliko kwenye makanisa yaliyoorodheshwa kuwa ya kihistoria, na jengo hukaguliwa na mtaalamu kila baada ya miaka mitano. Hata kuhamisha tu kituo kimoja cha Njia ya Msalaba ili kupata nafasi ya spika si uamuzi wa mtu mmoja. Msalaba wa mchongaji Germaine Richier uliondolewa altareni katika kanisa la Plateau d'Assy, Ufaransa, mwaka 1951 kwa kuwa wengi waliona Kristo wake anatisha. Ulirudi baadaye, na leo ndio ambao wageni wengi hupanda mlima kuuona. Ungekuwa umeuzwa, usingerudi.

Daftari na bahasha

Toeni namba kwa kila kitu, mkianzia mlango mkuu na kuzunguka kwa mwelekeo wa saa: dirisha, paneli, safu, kipande. Kanisa la St Joseph la Le Havre, Ufaransa, kazi ya msanifu Auguste Perret yenye mnara wa mita 107, ina vipande 12,768 vya kioo vya Marguerite Huré; bila mpango wa namba hakuna fundi angejua kipi kilikaa wapi. Piga picha kila paneli kutoka ndani na nje, saa ileile ya siku, ukiweka rula ndani ya picha.

Na kipande chochote kikidondoka, hata kiwe kidogo kama ukucha, mfagiaji asikitupe. Kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, iandikwe tarehe, namba ya mahali kilipotoka na mshale wa upande wake wa juu. Bahasha zikae kwenye sanduku moja kavu sakristiani, na funguo ziwe mbili.